Mkeka Mlezi

Kinusi kilianza kupiga mluzi kabla Nyamizi Lubinza hajakishusha chini ya kiuno chake. Alipopiga magoti na kukielekeza kwenye sakafu ya chumba cha kulala, mluzi uligeuka kilio. Kilikuwa chombo kidogo, mfano wa kobe, chenye pua ya shaba. Na kwa kuwa moshi wa zebaki ni mzito na hutuama chini kama maji kwenye dimbwi, kilifunzwa kunusa pale ambapo watu wazima hawafikishi pua zao. Mtu mzima husimama juu ya moshi huo asijue. Mtoto anayetambaa huogelea ndani yake.

"Haya, kimepata," alisema Sospeter, askari wa malezi, akiwa amejaza mlango kwa tumbo lake.

"Kimepata nini?" Wande, mama mwenye nyumba, alimgeukia kwa ukali. "Kitafute tena. Huenda kimekunusa wewe, maana hiyo sare yako haijaonja sabuni tangu masika."

Nyamizi aliinuka, akajipangusa magoti. Hakuwa na haja ya kujipangusa. Katika nyumba zote za mji wa Isungandogo alizoingia kwa kazi yake ya ukemia, hakuwahi kuona sakafu kama ile. Ilisuguliwa ikang'aa. Sufuria zilipangwa ukutani kwa ukubwa, kila moja ikimwonyesha mtazamaji uso wake. Shuka zilikunjwa pembe kwa pembe.

"Mama Milembe," alisema, "hii ni mara ya tatu chombo kinalia hapa kwako. Lazima nikuulize, na ni lazima unijibu. Kuna mtu anayechoma dhahabu humu ndani? Hata mara moja? Hata jikoni?"

"Dhahabu! Ningekuwa na dhahabu, dada, ungenikuta leo napika mlenda mtupu?"

"Kipimajoto cha kioo kilichovunjika? Taa ndefu za zamani?"

"Hakuna."

"Mkorogo?"

Wande alikunja mkono wa gauni lake na kuunyoosha mkono mweusi, mororo, mweusi kama mbegu ya stafeli iliyooshwa. "Nitazame vizuri. Kama huu ni mkorogo, basi nimeibiwa."

Kutoka sebuleni ilisikika fimbo ikigonga sakafu. Mzee Lutandula, baba mkwe wa Wande, alikataa kuingia chumba cha mkamwana wake, kwa kuwa adabu haimruhusu. Lakini adabu haikumzuia kupaza sauti. "Mwulize pia kama huwa anakula watu! Mnamwuliza mwanamke huyu uchafu? Huyu huosha kuku kabla ya kumchinja! Mimi nimeishi katika nyumba hii miaka yote aliyoolewa, na sijawahi kukanyaga hata punje ya mchanga. Nendeni kwa Masele, jirani hapo, anayechoma dhahabu nyuma ya choo huku amelewa. Huko ndiko kwenye kazi yenu!"

Milembe, mtoto mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa na miaka mitatu. Viganja na nyayo zake vilikuwa vyekundu, vikitoka magamba kama vya mtu aliyetiwa katika maji ya moto, na hakukubali kuvishwa viatu. Alishika kikombe cha uji kwa mikono miwili, na hata hivyo uji ulikuwa ukitikisika. Wakati wa mavuno ya nyuma mtoto huyu alikuwa akiimba nyimbo nzima, beti kwa beti. Sasa alikuwa hasemi ila kulia.

Sospeter alichuchumaa, akamfunga mtoto bangili ya manjano mkononi. Aliifunga kwa upole, lakini ilipojibana ilitoa mlio mdogo, na Wande akauziba mdomo wake kwa kiganja. Kila mtu mjini aliijua bangili ile. Mtoto aliyeivaa hupelekwa mbele ya Baraza, na mkemia hutamka chanzo cha zebaki. Chanzo kikiwa nyumbani, mama hutangazwa mzembe sokoni kwa kipaza sauti, na mtoto huhamishiwa Nyumba ya Malezi hadi atakapofikia umri wa kwenda shule.

"Kesho, mama," alisema Sospeter. "Saa nne asubuhi."

"Nimefanya nini?" Wande aliuliza. Hakumwuliza askari. Alikuwa akimtazama Nyamizi, mwanamke mwenzake, aliyesoma. "Niambie nililolifanya, niache kulifanya."

Swali hilo lilimkereketa Nyamizi njia nzima kama mwiba wa samaki kooni.

*

Mji wa Isungandogo ulijengwa juu ya dhambi za watu waliokwisha kufa. Vizazi vingi vilichanganya zebaki na mchanga wa dhahabu katika mabeseni yaleyale waliyofulia nguo za watoto, wakachoma donge lake kwenye majiko yaleyale waliyopikia ugali. Zebaki ilipaa na moshi, ikatua kwenye mapaa, ikashuka na mvua, ikaingia kwenye udongo na kwenye samaki. Wachimbaji walikwisha kuzikwa, lakini walichokimwaga kilibaki, na waliokikuta ni watoto, ambao hupumua haraka kuliko wakubwa, hutia vidole mdomoni, na bongo zao ndizo kwanza zinajengwa.

Ndipo ulipokuja Mkeka Mlezi. Idara ya Usafi iliugawa bure, mkeka mmoja kwa kila mtoto. Nyuzi zake hazikutoka kwenye ukindu wala ukili; zilioteshwa katika maabara, kutokana na kuvu ambayo huipenda zebaki kama nyuki apendavyo ua. Mtoto alilala juu yake akatoka jasho, nao ukanywa sumu iliyotoka naye pamoja na ile iliyotuama chumbani, ukaifunga ndani ya nyuzi zake. Kila mwaka Idara iliikusanya ya zamani na kugawa mipya. Masharti yalikuwa mawili tu, na hata watoto wa chekechea waliyaimba: usiufue, usiuanike juani. Sabuni huiua kuvu ile, na jua huiua upesi zaidi.

Nao mkeka ulifanya kazi. Hilo ndilo lililomchanganya Nyamizi alipokuwa maabara mchana ule, akizungukwa na vichupa vya mkojo wa watoto wa mtaa mzima. Aliupima wa watoto wa Masele mlevi, wanaolala juu ya mkeka uliogandamana kwa uji na kamasi, hatua chache kutoka mahali baba yao anapochoma dhahabu ya magendo. Zebaki yao ilikuwa haba. Alipima wa mtoto wa mwalimu mkuu, ambaye nyumba yake hunukia maua. Mkojo ule ulikuwa umejaa. Alipima wa Milembe, na mshale wa kipimo ulipanda hadi mwisho ukagoma kushuka.

Akarudia. Jibu likawa lilelile. Ni sumu gani hii, alijiuliza, inayomsamehe mlevi na kuwaadhibu wanaofagia?

*

Asubuhi ya Baraza alipitia tena kwa Wande, akisema moyoni kuwa anakwenda kuchukua mkojo wa mwisho. Ukweli ni kwamba miguu yake ilikataa kwenda kwingine.

Alipobisha hodi, kinusi kilikuwa kimezimwa mdomo lakini si pua, na kikaanza kutetemeka mkobani mwake. Alikaribishwa na sauti ya Wande kutoka ndani. Akamkuta amepiga magoti sakafuni, khanga imefungwa kifuani, akisukuma pasi ya umeme wa jua mbele na nyuma juu ya Mkeka Mlezi. Hewa juu ya mkeka ilikuwa ikitetema kwa joto. Milembe alikuwa amejilaza mgongoni kwa mama yake, shavu begani, mdomo wazi, akipumua.

"Unafanya nini?"

"Karibu, dada. Namalizia. Leo watu watamtazama mwanangu. Sitaki waseme ametoka kwenye mkeka wenye makunyanzi."

"Wande. Kwa nini unaupiga pasi?"

Wande alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa kwa nini watu hunawa mikono kabla ya kula. "Wewe hukulelewa hapa? Nzi! Nguo isiyoona jua, nzi hutaga mayai yake, na mayai hupasuka funza katika ngozi ya mtoto. Mama yangu alipiga pasi hata leso. Mngeturuhusu kuuanika, jua lingewaua bila mimi kujichosha. Mmetukataza jua, basi nimebaki na pasi. Kila asubuhi, mbele na nyuma, mpaka uwe mkavu kama kibiriti."

Nyamizi alimnyakua mtoto begani na kumtoa uani, mbio, akapumua naye hewa safi huku mama akimfuata kwa mayowe. Kisha alirudi peke yake, akakiwasha kinusi na kukipitisha juu ya mkeka. Hakikupiga mluzi, wala hakikulia. Kilizidiwa kikanyamaza, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Nyuzi zile ziliinywa zebaki usiku kucha, kwa uaminifu, kama ilivyoahidiwa. Na kila asubuhi pasi ilizitapisha zote mara moja, ndani ya chumba kilichofungwa, puani mwa mtoto. Kuvu ile huuawa na mwanga wa jua, si na joto; hivyo jioni mkeka ulianza kunywa tena kile ulichokitoa asubuhi, na kuongeza kingine. Mlevi Masele hakuwa na pasi. Uvivu wake ndio uliowaokoa wanawe.

Hakumwambia Wande wakati ule. Alimwambia tu asiuguse mkeka, afungue madirisha yote, na mtoto abaki nje mpaka saa ya Baraza. Halafu akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wake, kwa sababu alikuwa bado anaamini kwamba mtu mkubwa akiambiwa kosa hushtuka.

*

Mkurugenzi Fulgensi Bitegeko alishtuka kweli. Aliweka mikono juu ya meza, na Nyamizi akadhani wako pamoja.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, mzee."

"Basi libaki hapo." Alinyoosha kiganja kabla hajapingwa. "Nisikilize kwanza, binti yangu, mimi si mnyama. Ukisema leo mbele ya watu kwamba mikeka ina sumu, watafanya nini jioni? Unawajua watu wetu. Kitu kibaya huchomwa. Watairundika uwanjani, mikeka ya mji mzima, na kuiwasha. Unajua kitakachopaa?"

Nyamizi alijua. Hili lilikuwa kweli.

"Na watoto wa wachomaji kama Masele? Mkeka ndio ngao yao. Utawavua ngao kwa sababu ya akina mama wachache wenye bidii kupita kiasi? Mikeka mipya itakuja baada ya mavuno. Tutaongeza sharti la tatu, usiupige pasi, bila kelele. Mambo yataisha yenyewe."

"Na Milembe?"

"Atarejeshwa kwao baadaye. Kimya kimya."

"Na mama yake? Ataitwa mzembe sokoni leo hii. Na wale waliokwisha kuitwa? Na watoto wao waliokwisha kuchukuliwa?"

"Wewe utatamka chanzo tu, kama kawaida. Chanzo ni nyumbani. Nieleze uongo uko wapi hapo. Pasi ni yake, chumba ni chake."

Nyamizi alimtazama mtu huyu aliyekuwa akimheshimu. Hasira iliyompanda haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa baridi, ikimnyoosha mgongo. "Mzee," alisema, "mwanamke yule alitii kila neno tulilomwambia. Tulimnyima jua, hatukumwuliza atafanya nini na nzi. Hatukuuliza kwa sababu hakuna hata mmoja wetu mezani aliyewahi kufua nepi. Sasa tumwite mzembe?"

"Nimekuonya kuhusu moto," alisema Bitegeko. "Ukiwaka, utakuwa wako."

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti, Bi Kabula, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, aliketi mbele na joho lake. Wande alikaa kwenye benchi la mbele, Milembe mapajani. Mzee Lutandula kando yao, amevaa koti lake la sherehe lililokazwa vifungo vyote, fimbo wima kati ya magoti. Bitegeko alikuwa upande wa pili, miguu ameikunja. Ukutani walijipanga walezi wa Nyumba ya Malezi waliokuja kumpokea mtoto, wakiongozwa na mkuu wao, Bi Leokadia, mwenye vazi jeupe lisilo na mkunjo.

"Mkemia," alisema Bi Kabula. "Tamka chanzo."

Nyamizi alisimama. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, na sasa yote yalionekana ya kizembe. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijatamka, naomba kuwauliza akina mama waliomo humu swali moja. Ni nani kati yenu hupiga pasi mkeka wa mtoto?"

Watu walitazamana. Kisha mkono mmoja ukainuka, na mwingine; kisha ikawa kama shamba la mtama. Walidhani ni shindano. Mmoja alimsukuma jirani yake kiwiko: "Wewe shusha, uongo huo, pasi yako iliharibika tangu Krismasi!" Wakacheka. Walezi wa Nyumba ya Malezi waliinua mikono yao. Bi Kabula mwenyewe aliinua wake kutoka kwenye joho.

"Hata mimi, ya wajukuu wangu," alisema kwa fahari. "Ni nani atakayelaza mtoto juu ya mayai ya nzi? Swali gani hili?"

Basi Nyamizi akawaambia. Hakupamba wala hakupunguza. Aliwaambia mkeka hunywa nini usiku, na pasi huutapisha nini asubuhi, na nani huwa karibu nao. Alipokuwa akisema, mikono ilishuka mmoja baada ya mwingine, polepole, kama inayotafuta mahali pa kujificha.

Kijana mmoja dirishani akapaza sauti. "Tukaichome! Yote, leo hii!"

"Tukaichome!" Mabenchi yaligwaruza sakafu. Bitegeko alimtazama Nyamizi.

Nyamizi alipanda juu ya benchi. "Mkiichoma mtakuwa mmeupiga pasi mji mzima!" alipaza sauti. "Kila mtoto wa Isungandogo ataivuta!" Lakini sauti yake ilimezwa, mpaka fimbo ya Mzee Lutandula ilipolipiga benchi kishindo kimoja.

"Kaeni chini!" alinguruma. "Mnakimbilia wapi na akili nusu? Tumemwita mwanamke mzembe kabla ya kujua. Sasa mnataka kuchoma kabla ya kusikia. Atakayesimama kabla ya binti huyu kumaliza, huyo ndiye mzembe tuliyemwitia Baraza hili!"

Wakakaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuupata uzembe ule.

"Mkeka uliopigwa pasi," alisema Nyamizi, "ukunjeni, utieni ndani ya ndoo ya maji, mfunike, muuache nje. Maji hayaruhusu sumu kupaa. Ambao haujawahi kuguswa na pasi ni mzuri. Mtoto alale juu yake. Yaani Masele, kama yumo humu, aendelee kama alivyo, isipokuwa aache kuchoma dhahabu."

"Nimo!" ilijibu sauti ya kulewa kutoka nyuma, na wachache wakacheka bila furaha.

"Na nzi je?" aliuliza mama mmoja.

"Funza hukamuliwa kwa kidole na mafuta, mtoto akalia, akapona. Zebaki iliyokwisha kuingia kichwani haikamuliwi."

Wande alikuwa hajaondoa macho usoni pake. Alipozungumza hakupaza sauti, lakini ukumbi mzima ulisikia. "Kwa hiyo ni mimi. Kila asubuhi. Kwa mkono wangu."

Nyamizi alishuka kwenye benchi, akaenda kuchuchumaa mbele yake. Hakumdanganya, kwa sababu alikuwa amemdanganya vya kutosha kwa kunyamaza. "Mkono ni wako, dada. Ulimtunza kwa njia uliyofunzwa. Sisi tuliingilia njia hiyo bila kukuuliza, tukapata shida, tukakuchagua wewe uibebe." Akainuka na kumgeukia Mwenyekiti. "Chanzo ni Idara ya Usafi. Andikeni hivyo, na mkitaka jina la mtu, andikeni langu pamoja na la mkurugenzi wangu."

Bi Kabula alikuwa amegeuza kichwa. Alikuwa akitazama ukutani. "Bi Leokadia," alisema, "shusha mkono. Swali limekwisha."

Bi Leokadia alikuwa bado ameuinua mkono wake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mheshimiwa," alisema, "sisi hatutumii pasi ya mkono. Tuna mashine ya mvuke. Mikeka ya watoto wote, asubuhi na jioni. Na madirisha tumeyaziba, kwa ajili ya vumbi. Tulikuwa tukijiuliza kwa nini hawapati nafuu. Tulisema ni kazi ya mama zao."

Hakuna aliyelia. Nyuma kabisa ya ukumbi mwanamke mmoja alisimama, ambaye mwanawe alichukuliwa mwaka uliopita na ambaye tangu siku hiyo watu humwita kwa jina alilopewa na kipaza sauti. Akafunga khanga yake kiunoni. Mwingine akasimama, na mwingine. Walielekea mlangoni bila kusukumana.

Sospeter aliweka mkono wake kwenye kipini cha mlango. "Akina mama, taratibu. Baraza halijafungwa. Kuna sheria."

Mzee Lutandula aliinuka, akamshika Wande mkono kumsimamisha na mtoto wake, kisha akatembea nao hadi mbele ya askari, wima kama nguzo.

"Mwanangu," alimwambia, "naijua sheria hiyo, nimeisikia ikisomwa sokoni mara nyingi kuliko sala. Inasema mtoto atolewe upesi katika nyumba yoyote iliyopatikana na zebaki. Na Nyumba ya Malezi nayo ni nyumba. Haya, bwana askari. Tutangulie, ukaitekeleze."

Sospeter alimtazama Mwenyekiti. Bi Kabula alikuwa amekwisha kulivua joho lake, na alikuwa akitafuta viatu vyake chini ya meza. Basi akaufungua mlango, akatangulia.